Ramani ya uchachu wa shamba: mashine ya kukokotwa, gridi ya maabara au kipima pH cha mkononi?

Chukua shamba la hekta 40. Nusu ya juu ina pH 5.0, nusu ya bondeni ina pH 7.0 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa). Mtu akipita akachota udongo huku na huku, akauchanganya kwenye ndoo moja na kuupeleka maabara, jibu litarudi likiwa karibu na 6. Kwa mazao mengi hiyo ni namba ya kuridhisha, au ya kuongezewa chokaa kidogo tu. Akiimwaga chokaa hiyo kidogo sawasawa shamba zima, nusu ya juu itabaki na uchachu unaoachia alumini yenye sumu kwa mizizi, na nusu ya bondeni itapewa chokaa isiyoihitaji, mpaka manganizi, zinki na chuma vishikwe na udongo na mimea isivipate. Maabara haikukosea. Kilichokosekana ni kujua wapi pana nini.

Hiyo ndiyo kazi ya ramani ya pH, na njia za kuipata ni tatu. Unaweza kukokota nyuma ya trekta mashine inayochota na kupima yenyewe ikiwa mwendoni. Unaweza kuligawa shamba katika miraba, yaani gridi, na kupeleka sampuli ya kila mraba maabara. Au unaweza kutembea na kipima pH cha mkononi. Kuna na ya nne, vihisi visivyopima pH moja kwa moja, ambayo nitaigusa baadaye kwa sababu mara nyingi hutajwa kama mbadala ilhali inapima kitu kingine kabisa.

Nimefanya kazi na zote tatu, na msimamo wangu nausema mapema. Watu wengi huanza kwa kuuliza shamba lina hekta ngapi. Mimi naona maswali ya kwanza ni mawili: pH ya shamba lako inabadilika kiasi gani ukitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, na je, una namna yoyote ya kumwaga chokaa kiasi tofauti mahali tofauti? Kama majibu ni "kidogo" na "sina", mashine itakupa picha ya rangi nzuri usiyoweza kuitumia.

Mashine inavyofanya kazi

Wazo hili lilikomaa katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambako Viacheslav Adamchuk na wenzake walichapisha mwaka 1999 maelezo ya kifaa kinachochota udongo na kupima pH yake bila mtu kushuka kwenye trekta. Kampuni ya Veris Technologies ya Salina, Kansas, ndiyo iliyoligeuza kuwa mashine ya sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpangilio wake ndio ninaoueleza hapa.

Kiatu cha chuma chenye tundu hushushwa na haidroliki hadi ndani ya ardhi. Trekta linaposonga, udongo unajaa tunduni. Kiatu kikiinuka, kinaubana udongo huo mbichi kwenye elektrodi mbili (ncha za kupimia) za metali iitwayo antimoni, na kompyuta inafuatilia volti mpaka itulie. Namba ikishaandikwa pamoja na mahali ilipochotwa kwa GPS, nozeli zinaziosha elektrodi kwa maji huku kiatu kikishuka tena, na udongo mpya unausukuma nje ule wa zamani. Mzunguko mzima huchukua kama sekunde 10.

Kwa nini antimoni, wakati maabara hutumia elektrodi ya kioo? Kioo hupima kwa usahihi zaidi, lakini hakivumilii kugongwa na mawe na kusuguliwa na mchanga mamia ya mara kwa siku. Antimoni inavumilia. Unapoteza usahihi kidogo kwa kila kipimo, unapata idadi ya vipimo ambayo hakuna binadamu mwenye auga (kekee ya kuchotea udongo) angeifikia.

Hesabu ya idadi hiyo ni rahisi na inafaa kuifanya mwenyewe kabla ya kukodi. Mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni karibu mita 2.8 kwa sekunde, kwa hiyo kila baada ya sekunde 10 umesogea mita 28. Ukiacha mita 18 kati ya mstari na mstari, kila kipimo kinawakilisha mita za mraba 500 hivi, yaani vipimo 20 kwa hekta. Ukipunguza mwendo, vinaongezeka. Ukipanua nafasi ya mistari ili kumaliza mapema, vinapungua, na hapo ndipo wakodishaji wengine hupunja kazi bila mwenye shamba kujua. Uliza nafasi ya mistari na mwendo kabla trekta halijaingia shambani.

| | Mashine ya kukokotwa | Gridi na maabara | Kipima cha mkononi |
|---|---|---|---|
| Vipimo kwa hekta 1 | 20 hivi | 1 kwa kawaida | unavyoweza |
| Vipimo kwa hekta 40 | 800 hivi | 40 | 40 ni kazi ya siku nzima na zaidi |
| Usahihi wa kipimo kimoja | wa wastani | mkubwa zaidi | mzuri, elektrodi ikitunzwa |
| Hutoa kiasi cha chokaa? | peke yake hapana | ndiyo | hapana |
| Kina | kimoja, cha juu juu | unachochagua | unachochagua |
| Kinachoiharibu | ukavu, matope, mawe, mabaki ya mazao | uchotaji wa haraka haraka | elektrodi iliyochoka |

Jedwali hili linaficha jambo moja kubwa: safu ya kwanza inamtegemea mwendeshaji kuliko zile nyingine mbili. Maabara ina taratibu zake zilizowekwa. Mashine iko mikononi mwa mtu aliyekaa kwenye trekta, na akikosea, kosa hilo linajirudia mara 800.

Siku ya kazi na mashine

Asubuhi huanza kwa myeyusho sanifu, yaani ambao pH yake inajulikana tayari, wa pH 4 na wa pH 7. Kila elektrodi huchovywa kwenye vyote viwili, na namba zinazotoka huandikwa. Kama elektrodi moja inasoma 4.0 na nyingine 4.6 kwenye myeyusho uleule, hakuna sababu ya kuingia shambani. Isugue taratibu kwa msasa laini, ioshe, ijaribu tena, ikikataa, ibadilishe. Mimi hurudia jaribio hili mchana na jioni, kwa sababu elektrodi huchakaa ikiwa kazini, na pasipo jaribio la jioni huwezi kujua kama nusu ya pili ya ramani inalingana na nusu ya kwanza.

Kisha unyevu. Chota konzi ya udongo kutoka kina ambacho kiatu kitafika, uikamate kwa nguvu kisha ufungue kiganja. Ukishikana kama tonge na kuvunjika unapoudonoa kwa kidole, ingia kazini. Ukibaki vumbi, elektrodi haitapata maji ya kutosha ya kuunganisha umeme wake na udongo, na volti itayumba mpaka kompyuta ichoke kusubiri. Ukinata kiganjani kama ufinyanzi, utaziba tundu la kiatu na utapima udongo uleule mara nne mfululizo huku mashine ikidhani imepima sehemu nne. Hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Ukavu hutoa namba za ajabu ambazo mtu yeyote atazitilia shaka. Kiatu kilichoziba hutoa namba tulivu, za kupendeza, za uongo.

Tangi la maji ya kuoshea linadharauliwa kuliko sehemu zote. Siku moja kichujio cha pampu kiliziba katikati ya shamba nami sikutambua kwa zaidi ya saa nzima. Nozeli zilikuwa zikidondosha tu badala ya kupuliza. Ramani ilipotoka, kila mpaka kati ya udongo mchachu na usio mchachu ulikuwa umevutwa kuelekea upande trekta lilikokuwa likienda, kwa kuwa kila kipimo kilibeba mabaki ya kile kilichotangulia. Ilinibidi kurudia shamba lile lote, na tangu hapo hushuka na kuzitazama nozeli kila ninapomaliza mistari michache. Maji yawe safi, yasiyo na chumvi wala magadi, la sivyo unaosha elektrodi kwa kitu chenye pH yake.

Dalili ile ya mipaka iliyovutwa ina chanzo kingine pia, na ndicho cha kawaida zaidi: umbali kati ya antena ya GPS na kiatu. Antena iko juu ya kibanda cha trekta, kiatu kiko mita kadhaa nyuma. Zaidi ya hapo, udongo hupimwa sekunde kadhaa baada ya kuchotwa, na kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa sekunde 8 ni mita 22. Programu lazima iandike mahali udongo ulipochotwa, siyo mahali trekta lilipo namba inapotulia. Ikikosewa, mistari ya kupanda inasukuma mpaka mbele, mistari ya kushuka inausukuma upande wa pili, na ramani inaota meno kama ya msumeno. Ukiona meno hayo kwenye ramani uliyoletewa, irudishe. Data yenyewe huenda ni nzima. Ni hesabu ya nafasi inayohitaji kurekebishwa.

Mengine kwa ufupi. Mabaki ya mazao yakiwa mengi, visahani vya kufagia mbele ya kiatu viwe vimefungwa, maana bua likikaa kati ya udongo na elektrodi hupimi chochote. Usiendeshe sambamba na mistari ya mazao ya msimu uliopita: mbolea za amonia zilizowekwa kwenye mstari huacha utepe wenye uchachu zaidi, na kiatu kikiufuata utepe huo shamba zima litaonekana chachu kuliko lilivyo. Katiza mistari kwa pembe. Usipime shamba lililomwagiwa chokaa miezi michache iliyopita; chembe ambazo hazijayeyuka zitakupa 7.5 hapa na 5.3 hatua tatu mbele, na namba zote mbili hazisemi kitu. Na kamwe usipeleke mkono chini ya kiatu kabla ya kuzima injini na kuachia shinikizo la haidroliki. Kiatu hushuka chenyewe kwa amri ya kompyuta, na kompyuta haijui kuwa kuna vidole pale.

Kuwa na elektrodi mbili si anasa. Zikipishana kwa zaidi ya nusu kizio cha pH (yaani 0.5) kwenye udongo uleule, kipimo hicho mimi hukitupa. Nikilazimika kutupa kipimo kimoja kati ya kumi, sawa. Nikitupa kimoja kati ya vitatu, siku hiyo haikuwa ya kupima.

Gridi na maabara

Hapa uzuri uko kwenye kila namba. Katika kila mraba, kwa kawaida wa hekta 1, unachota vijiti 15 hadi 20 vya udongo kwa auga kwa kina kimoja, unavichanganya, unatoa sampuli moja. Maabara inaukausha, inauchekecha, inauchanganya na maji kwa uwiano uliowekwa na kuupima kwa elektrodi ya kioo. Ukirudia sampuli ileile kesho utapata karibu namba ileile.

Udhaifu uko kwenye nafasi kati ya namba. Gridi ya mita 100 haiwezi kuona doa la mita 30, na madoa ya ukubwa huo ni ya kawaida: ukingo wa barabara ya changarawe ya chokaa, mahali palipokuwa na zizi, kilele cha mwinuko ambako udongo wa juu umechukuliwa na maji na kuacha wa chini. Programu ya ramani itachora rangi laini kati ya nukta mbili za gridi, na macho yataamini rangi hizo. Zitazame nukta kwanza, rangi baadaye. Hilo ni kweli kwa ramani ya njia yoyote.

Uliza pia maabara inapima kwa nini. pH ya maji na pH ya myeyusho wa kloridi ya kalisi ni vipimo viwili tofauti, na cha pili kwa kawaida huwa chini kwa nusu kizio au zaidi. Faida ya cha pili ni kwamba hakiyumbishwi sana na chumvi zinazojikusanya udongoni wakati wa ukame. Ukilinganisha ramani ya mwaka huu ya maji na ya miaka minne iliyopita ya kloridi ya kalisi, utadhani shamba limepona lenyewe.

Lakini sababu kubwa ya kutoiacha maabara ni chokaa. pH inasema udongo ni mchachu kiasi gani sasa. Haisemi utahitaji chokaa kiasi gani kuupandisha, kwa sababu sehemu kubwa ya uchachu haiko kwenye maji ya udongo. Imeshikiliwa kwenye chembe za mfinyanzi na mboji, ikisubiri. Udongo wa kichanga na udongo wa mfinyanzi vyote vinaweza kusoma 5.2, na wa mfinyanzi ukahitaji chokaa mara kadhaa zaidi. Maabara hupima akiba hiyo kwa myeyusho maalumu wa bafa (unaopinga kubadilika kwa pH), kama ule wa SMP uliochapishwa mwaka 1961 na Shoemaker, McLean na Pratt, kisha inatoa tani kwa hekta. Mashine inayopima pH peke yake haiwezi kutoa namba hiyo. Anayekuletea ramani ya pH pamoja na ramani ya chokaa bila kukuonyesha alipata wapi taarifa za mfinyanzi na mboji amekisia.

Ndiyo maana sizioni njia hizi mbili kama washindani wa moja kwa moja. Kila mara mashine inapomaliza shamba, chukua sampuli za maabara mahali pasipopungua patano, bora panane au kumi, ukichagua kwa kutumia ramani yenyewe: palipo chini kabisa, pa katikati, palipo juu kabisa. Vipimo vya mashine hufanyika kwenye udongo mbichi na vya maabara kwenye mchanganyiko wa maji, kwa hiyo haviwezi kulingana tangu mwanzo. Kama mashine iko chini ya maabara kwa tofauti ileile kila mahali, ongeza tofauti hiyo kwenye ramani yote na uendelee. Kama tofauti inarukaruka, mara juu mara chini, ramani hiyo usiimwagie chokaa.

Kipima cha mkononi

Kwa mtu mwenye hekta chache, hiki kinatosha, na nasikitika kuona kinavyodharauliwa. Elektrodi ya kioo iliyotunzwa vizuri, vikombe 20, mizani ndogo na maji yaliyosafishwa: unapima udongo na maji kwa uwiano uleule, unakoroga, unaacha nusu saa huku ukiandaa vikombe vingine, unapima. Asubuhi moja unapata nukta 20, na kwa GPS ya simu unajua kila moja ilitoka wapi. Chokaa haimwagwi kwa usahihi wa sentimita, kwa hiyo kosa la mita tatu nne la simu halidhuru.

Siri yote iko kwenye elektrodi. Kwa nyuzi joto 25 za Selsiasi, elektrodi nzima hutoa takriban milivolti 59 kwa kila kizio cha pH. Kipima kizuri hukuonyesha umebakiwa na asilimia ngapi ya uwezo huo baada ya kukisawazisha. Ikishuka chini ya asilimia 85, badilisha. Ihifadhi kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Maji yaliyosafishwa ni ya kuioshea tu. Elektrodi ikilala humo hufa polepole.

Vile vijiti viwili vya chuma visivyo na betri, vya kuchomeka ardhini na kutazama mshale, visihesabiwe hapa. Umeme wake unatokana na metali mbili tofauti zilizo kwenye udongo, na mshale unafuata unyevu na chumvi kuliko uchachu. Nimeona kimoja kikibadilika kwa zaidi ya kizio kizima baada ya kumwagia maji mahali palepale.

Tatizo la kina

Hili linastahili nafasi yake kwa sababu linawapoteza hata wazoefu. Chokaa iliyomwagwa juu bila kulima hushuka polepole sana; kwa miaka kadhaa inaweza kubaki kwenye sentimita chache za juu. Shamba lisilolimwa kwa plau linaweza kuwa na 6.8 juu na 4.9 chini yake kidogo tu, mahali ambapo mizizi inaanza kugeuka na kukua kwa pembeni.

Kiatu cha mashine huchota kwenye kina kimoja. Kikiwa kimewekwa juu juu, kitakuchorea shamba la kijani kibichi lisilohitaji kitu, na mahindi yatakauka kwenye ukame wa kwanza kwa sababu mizizi haikushuka. Auga haina kizuizi hicho: unaweza kutenga sentimita 0 hadi 10 na 10 hadi 20 na kuzipima kando. Kwa shamba lisilolimwa, hata kama mashine imepita, chimba kwa auga mahali patatu au panne na ukate vijiti vipande viwili. Kazi hiyo haizidi saa moja, na inaweza kubadilisha uamuzi wote.

Kwa shamba linalolimwa na kuchanganywa kila msimu, jambo hili halina uzito mkubwa.

Vihisi visivyopima pH moja kwa moja

Kuna vifaa vya kupima upitishaji umeme wa udongo, vya kusoma mwanga unaoakisiwa, na vya kupokea mionzi ya gama ya asili inayotoka kwenye potasiamu, urani na thoriamu iliyomo udongoni. Vinakwenda kasi, havisimami, na vingine havigusi hata ardhi. Ramani zake ni nzuri kwa kuonyesha mfinyanzi uko wapi na kichanga kiko wapi.

Hakuna kati yake kinachopima pH. Ramani ya pH inayotokana navyo ni uhusiano wa kitakwimu uliojengwa na sampuli za maabara za shamba hilo, na uhusiano huo huwepo pale tu pH inapofuata aina ya udongo. Mahali ambapo pH imebadilishwa na mkono wa mtu, kwa mbolea za miaka mingi, chokaa ya zamani au samadi, uhusiano hukatika na kihisi hakitajua. Vitumie kwa kazi yake halisi: mashine nyingine za pH zina visahani vya upitishaji umeme vilivyofungwa kwenye fremu ileile, na hapo unapata pH na picha ya mfinyanzi kwa mpito mmoja. Mchanganyiko huo, ukiwa na sampuli chache za bafa, ndio njia ya uaminifu ya kuchora ramani ya chokaa.

Nani achukue ipi

Shamba dogo, au bustani ya mboga: kipima cha mkononi, na sampuli mbili tatu za maabara kwa ajili ya kiasi cha chokaa. Usifikirie zaidi.

Shamba kubwa la tambarare lenye udongo wa aina moja na historia moja: gridi, tena pana. Mashine itakupa vipimo 800 vinavyosema kitu kimoja.

Shamba kubwa lenye vilima na mabonde, au lililounganishwa kutokana na mashamba kadhaa ya zamani yaliyotunzwa na watu tofauti: hapa mashine haina mpinzani. Mipaka ya zamani iliyong'olewa miongo mingi iliyopita huonekana kwenye ramani ya pH kana kwamba ua bado upo. Gridi ya hekta 1 ingeivuka bila kuiona.

Shamba lenye mawe mengi: gridi. Utaokoa viatu na elektrodi.

Kununua mashine au kuikodi? pH hubadilika taratibu, na ramani nzuri hutumika miaka kadhaa kabla ya kurudiwa. Mkulima mmoja, hata mwenye mamia ya hekta, atakuwa na kifaa kinacholala bandani karibu muda wote huku elektrodi zikizeeka, na kila akikitoa atakuwa amesahau nusu ya yale niliyoyaeleza juu ya nozeli na antena. Kinunuliwe na ushirika au na mtu anayefanya kazi hiyo kwa wengi. Ukikodi, omba faili la nukta ghafi pamoja na picha ya rangi, omba namba za majaribio ya myeyusho sanifu za asubuhi na jioni, na uwepo mwenyewe anapochukua sampuli za kulinganisha. Mwendeshaji mzuri atafurahi kuulizwa.

Huna mashine ya kumwagia chokaa inayobadilisha kiasi yenyewe? Ramani bado ina kazi. Igawe katika kanda mbili au tatu kubwa zenye mipaka iliyonyooka, zipigie vigingi, na umpe dereva kiasi cha kila kanda. Kanda tatu za mkono zinapata sehemu kubwa ya faida ambayo kompyuta ingeipata.

Na kama bado hujui shamba lako liko kundi gani, kuna jaribio la kufanya kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Azima kipima cha mkononi. Chagua mahali 12: vilele, mabonde, karibu na barabara, katikati, palipokuwa na mpaka wa zamani, mazao yanapodumaa na yanapostawi. Chota kwa kina kimoja, pima wewe mwenyewe kwa siku moja. Usitafute wastani, pH ni kipimo cha logi, 5 ina uchachu hai mara 10 ya 6, na wastani ndio uliotudanganya kule mwanzoni. Tazama pengo kati ya namba ya chini na ya juu. Likiwa chini ya nusu kizio, nenda na gridi pana na umwage chokaa sawasawa. Likizidi kizio kimoja, itafute mashine. Likiwa katikati, pima mahali pengine 12 uone kama namba za chini zinakaa pamoja upande mmoja au zimetawanyika. Zikikaa pamoja, kanda zako umeshazipata bila trekta. Zikitawanyika, ita trekta.